Nilisahau Kujihesabu

Mimi ni mwanamke wa hasira za karibu, na nalisema hilo mwanzo ili mtu asije akanihurumia kabla hajanijua. Nimegombana na makondakta, nimegombana na mafundi wa mabomba, na ofisini wananipa heshima ambayo ndani yake mna woga kidogo. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya C, lugha kongwe ambayo wanaoingia kazini siku hizi huiona kama kinu na mchi katika nyumba yenye blenda. Mimi naipenda. Haikubembelezi na haikufichi kitu. Ukikosea, umekosea wewe.

Ofisi yetu iko Changamwe, ghorofani, juu ya duka la matairi. Programu zetu hupokea habari za malori yaliyo njiani: liko wapi, limesimama tangu saa ngapi, mafuta yamebaki kiasi gani. Kila lori lina kidude kinachopiga hodi kwenye kompyuta yetu, nasi tunaitikia, tunasikiliza, tunaandika. Malori yanaweza kubisha hata mia kwa pamoja na hakuna linaloachwa mlangoni. Sehemu hiyo ya kupokea niliiandika mimi, na miaka yote hii haijawahi kupoteza lori hata moja. Kwa hivyo haya ninayoyaeleza hayakutokana na kutojua. Mjinga angesamehewa.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo. Kwetu Kisauni tukisema chuo twamaanisha mahali watoto wanaposomeshwa Kurani, na chuo chake kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Magogoni. Sauti yake ilijulikana mtaa mzima. Angeweza kuwa uani anakunywa kahawa, mtoto huko chumbani akavuta herufi isiyovutwa, na Baba akamsahihisha kutoka huko huko bila kuweka kikombe chini. Kisha akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na ile sauti ikaondoka yote, haikubaki hata ya kunong'ona. Akili ilibaki timamu. Alijua leo ni siku gani, alijua nani hajaswali, na alikuwa akinitazama kwa jicho lile lile nikirudi nyumbani nimechelewa. Lakini mtu aliyewafundisha watoto wa watu kutamka sasa hakuweza kumwita mkewe amletee maji.

Akawa anagonga ukuta kwa bakora yake, kwa mkono wa kushoto. Upande wa pili wa ukuta huo alikaa mpangaji wetu, mtu wa bara aliyekuwa akifanya kazi bandarini zamu ya usiku na kulala mchana. Hakulalamika. Alimwambia Mama tu, kwa upole wa mtu aliyechoka, "Mama, mzee akigonga mimi naamka nikifikiri ni mimi naitwa." Mama aliona haya mpaka akashindwa kula. Ndipo mimi nikasema nitatengeneza kengele, tena nilisema kwa majivuno. Malori mia yananitosha mkononi. Baba mmoja atanishinda nini?

Nilinunua kidude chenye kibonyezo kinachoweza kuingia kwenye wai-fai ya nyumbani, nikakifunga ubavuni mwa kitanda, upande wa mkono wake mzima. Laptopu yangu ya zamani, ambayo betri yake ilikwisha kufa ikawa haiishi ila kwa stima, nikaiweka juu ya kabati la ukumbini. Kutoka hapo nikavuta waya wa spika hadi dirisha la uani, kwa sababu Mama mchana kutwa yuko uani: anapika, anafua, anaanika. Baba akibonyeza, kidude kipige hodi kwenye laptopu, laptopu ipokee, na kengele ilie uani. Mama akifika kitandani, abonyeze swichi nyeupe iliyo kwenye kidude hicho hicho kuyakata mazungumzo, na mlango uwe tayari kwa mwito mwingine. Basi. Ilikuwa kazi ya jioni mbili.

Nakumbuka Mama alikaa karibu yangu nikiandika, akichagua mchele. Yeye hakusoma shule nyingi, lakini hapendi kitu kifanyike nyumbani kwake bila kuelezwa. Nikamweleza. Kwanza unajenga mlango. Halafu unaupa namba ili wanaokuja waujue. Halafu unaita amri iitwayo listen, yaani tega sikio, na papo hapo unasema ni wageni wangapi wanaoweza kungoja nje. Mwisho unaita accept, yaani pokea, na programu husimama hapo kimya, haifanyi lolote, mpaka mtu aje. Akija, unapewa njia ya kuzungumza na yeye peke yake, na mlango unabaki kwa wengine.

"Kwa hivyo ni hodi tu," Mama akasema.

"Ni hodi tu, Mama."

"Na akija wa pili hali na wa kwanza hamjamaliza maneno?"

"Atangoja kwenye foleni. Nikimaliza na wa kwanza nitampokea."

"Nani amwambiaye angoje, na wewe uko ndani wazungumza?"

Nilifurahi kwa swali hilo, kwa kuwa ni swali ambalo hata wanaolipwa kwa kazi hii hawaliulizi. Nikamwambia kwamba kompyuta yenyewe, huko chini kabisa, ndiyo inayomuitikia. Inampa mkono, inamkaribisha, inamweka kwenye foleni, na yeye huko aliko anaona amekwisha kupokelewa. Programu yangu haina habari naye bado.

Mama aliacha mchele. "Hiyo si adabu," akasema. "Mtu haitikii karibu kama hana nafasi ya kutoka. Umeshamwambia karibu, yuwasimama mlangoni yuwangoja, na wewe uko uani huna habari. Afadhali ungenyamaza. Angebisha hodi zake tatu akaenda zake, na asingekuwa na neno na wewe."

"Mama, hii ni kompyuta."

"Hata kama."

Nikacheka. Nilimbusu kichwani nikaendelea kuandika, na sasa nikikumbuka kile kicheko natamani ningekimeza. Maana dakika chache baadaye nilikuja kwenye taa. Kidude kilikuwa na taa ndogo ya kijani, nami nilitaka Baba ajue kwamba mwito wake umefika, asibaki akibonyeza kwa wasiwasi. Nikaandika kwamba kidude kikipokelewa tu, taa iwake. Kikipokelewa na nani? Sikujiuliza. Nilikuwa nimetoka kumweleza mwanamke anayechagua mchele kwamba kupokelewa na mashine si kupokelewa na programu, na nikaandika mstari ule kana kwamba sikuwahi kulisikia jambo hilo. Kinyozi hajinyoi, husema watu, na husema wakicheka.

Tena kwa kuwa Baba, siku ya kwanza, alibonyeza mara kumi mfululizo na kengele ikamtia Mama wazimu, niliongeza sharti: taa ikiwa inawaka, kubonyeza tena kusifanye kitu. Nikakaa kitandani kwake nikamfundisha. "Baba, ukibonyeza mara moja, tazama taa. Ikiwaka kijani, Mama ameshasikia. Usibonyeze tena. Tulia tu, yuko njiani." Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko mwalimu wake. Kisha nikachukua ile bakora nikaiweka juu ya kabati la nguo, ambako hata mimi mwenye mikono miwili siifikii bila kupanda kiti, na nikajiona nimefanya jambo la maana.

Ofisini nilimwonyesha programu ile mwenzangu tunayekaa meza moja, mama mmoja wa bara mwenye maneno machache na jicho kali. Aliisoma yote kwa muda wa kunywa chai.

"Hii yako inashughulikia mtu mmoja mmoja," akasema. "Akikwama huyo mmoja je?"

"Atakwamaje? Kuna kibonyezo kimoja, na mgonjwa mmoja."

"Sawa. Lakini mimi ningeweka muda. Mtu akikaa dakika mbili bila kusema kitu, namkata."

Nikamwambia nitaweka kesho. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Methali hiyo naijua tangu darasa la tatu. Kulikuwa na malori yanayosumbua, kulikuwa na mkubwa wa kazi anayetaka hiki na kile, na kengele ya nyumbani ilikuwa inalia vizuri. Kesho ile ilikaa miezi minne.

Miezi hiyo minne ilikuwa mizuri, sitaki kudanganya. Baba alibonyeza akitaka uji, akitaka kugeuzwa, akitaka dirisha lifunguliwe asikie watoto wa jirani wakisoma. Mara nyingine Mama alikimbia na mikono yake ya sabuni, akafika, na Baba hakutaka kitu. Alimtazama tu. "Yuwaniita nije aniangalie," Mama alinilalamikia, na alikuwa anaona haya kama bibi harusi. Walioana kabla mimi sijazaliwa, na sidhani hapo nyuma aliwahi kuitwa kwa ajili ya kuangaliwa.

Na mimi nilikuwa na desturi yangu. Kila asubuhi kabla sijatoka nilijaribu kengele kwa simu yangu. Simu ilipiga hodi kwenye laptopu, kengele ikalia, Mama akasema kutoka uani, "Imelia," nami nikaifunga vizuri ile programu ya simuni, ambayo kabla ya kufungwa huiaga laptopu. Kuaga ni muhimu. Mgeni akiondoka bila kuaga, akatoka tu nje ya wai-fai na simu mfukoni, laptopu haijui kwamba ameondoka. Inaendelea kumsikiliza. Itamsikiliza mchana kutwa, itamsikiliza juma zima, imeinamisha sikio kwa mtu asiyekuwapo, na nyuma yake foleni inangoja.

Pengine kulikuwa na asubuhi nyingine nilizosahau kuaga, sijui. Stima ya Kisauni hukatika bila kumuuliza mtu, na laptopu ile haikuwa na betri, kwa hivyo kila ikikatika ilizimika, na ikirudi iliwaka upya na kuanza programu upya, foleni tupu, mlango wazi. Tuliitukana kampuni ya stima kila juma na kumbe ndiyo iliyokuwa ikinisitiri. Juma lile haikukatika hata mara moja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Gari la ofisi lilikuja mapema, dereva akapiga honi, na mimi nilikuwa bado na simu mkononi. Kengele ilikuwa imeshalia. Mama alikuwa ameshasema, "Imelia." Nikaitumbukiza simu kwenye mkoba, nikambusu Baba mkono, nikatoka mbio nikimfokea dereva kwamba mtaa huu una wagonjwa. Sikuifunga programu.

Yaliyotokea mchana huo nimeyapata kwa Mama, kidogo kidogo. Asubuhi yote alikuwa na Baba: alimwogesha, akampa uji, akamsomea Kurani. Baba hakuwa na haja ya kengele. Saa saba alimletea wali na mchuzi wa samaki, na Baba akafunga mdomo. Mama akambembeleza. Akafunga mdomo. Mama alikuwa amechoka, mgongo ulikuwa unamuuma tangu juzi yake, na akasema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mumewe hata siku za nguvu zake. Alisema, "Basi kaa na njaa yako. Na mimi ni mtu." Baba akageuzia uso ukutani. Mama akachukua sahani, akaenda uani kufua shuka za kitanda, akaswali, akarudi kufua. Alitega sikio lake kwenye ile spika ya dirishani, kama nilivyomfundisha. Haikulia. Saa kumi kasorobo akaingia kumwangalia, akamkuta amekwisha kwenda.

Daktari wa zahanati alikuja. Alisema ni kiharusi cha pili, kizito, na kwamba huenda hata mtu angekuwapo pale pale asingeweza kufanya kitu. Nililishika lile neno huenda kwa mikono miwili. Nilipofika kutoka Changamwe nyumba ilikuwa imejaa, wanawake chumbani, wanaume barazani wakipanga habari za mazishi. Kwa ajili ya joto mtu alikuwa amekichomoa kile kidude cha kitandani ili apate plagi ya feni. Nilikiona kinaning'inia kwa waya wake, nikakisogeza kisimsumbue mtu. Tulimzika siku ile ile kabla ya magharibi.

Kisha nikaanza kusikia lile neno. Kila mwanamke aliyekuja kutoa rambirambi alimuuliza Mama ilikuwaje, kama ilivyo ada, na Mama kila mara alifika mahali pale pale. "Hakuniita," akawa anasema. "Nilikuwa hapo uani, hatua kumi. Hakuniita." Wageni walimwambia ni mapenzi ya Mungu, saa ikifika haina kungoja. Aliwaitikia. Lakini nilimjua Mama. Jioni ya pili, tukiwa wawili, akiwa amekaa kwenye mkeka na nguo zake nyeupe za eda, aliniambia lililokuwa linamla.

"Alininunia," akasema. "Alikasirika na lile neno langu la chakula. Ndiyo maana hakubonyeza. Ameondoka hana radhi na mimi."

"Mama, usiseme hivyo."

"Miaka yote hiyo, mwanangu. Miaka yote nimeitunza radhi yake, nimekuja kuipoteza kwa bakuli la mchuzi."

Mtu asiyekulia kwetu anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Si dogo. Mama aliitafuta radhi ya mumewe kama watu wengine wanavyotafuta riziki, na sasa aliamini ameingia uzeeni bila hiyo, na hapana mlango wa kwenda kuiomba. Akawa hali chakula. Nilimwambia Baba hakuwa mtu wa kununa, nikamwambia daktari amesema hivi na hivi, nikamwambia pengine alilala tu. Akanitazama kwa huruma, mimi niliyekuwa namfariji, akasema, "Aliamka. Mto ulikuwa umesogezwa."

Siku ya nne, khitma ikiwa imekwisha na jamaa wamerudi makwao Utange na kwingineko, niliingia ukumbini nizime ile laptopu. Ilikuwa asubuhi, kama saa nne. Sikuwa natafuta kitu. Lakini mtu wa kazi yangu hazimi mashine bila kutazama kwanza inafanya nini, kama mpishi asivyoepua chungu bila kufunua. Nikafungua orodha ya miito. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Jumanne, saa moja kasoro dakika tano asubuhi. Mgeni amepokelewa: simu yangu. Chini yake palipaswa kuwa na mstari wa kuaga. Hapakuwa na kitu.

Nilijua kabla ya kujua. Mikono yangu ikaandika yenyewe amri ya kuonyesha nani yuko mlangoni, na majibu yakaja kwa mistari miwili. Wa kwanza, simu yangu, bado amekaa, programu inamsikiliza, siku ya nne sasa, na simu yenyewe ilikuwa mkobani mwangu. Wa pili alikuwa kwenye foleni. Amekaribishwa na mashine, hajapokelewa na programu. Ameleta ujumbe mdogo ambao haujasomwa. Namba yake ilikuwa namba ya kidude cha kitandani.

Kibonyezo kimoja, mgonjwa mmoja, nilimwambia yule mama wa ofisini. Nilisahau kujihesabu mimi.

Alibonyeza. Taa ikawaka kijani. Akaitazama, kama nilivyomfundisha. Akatulia, kama nilivyomfundisha. Hata kama alijaribu tena, nilikuwa nimehakikisha kwamba kujaribu tena hakufanyi kitu, na bakora ya kugongea ukuta ilikuwa juu ya kabati. Alilala pale akiamini kwamba Mama yuko njiani. Sijui ni muda gani. Nimejaribu kuukadiria muda huo mara nyingi, na kila mara naacha kabla sijafika mwisho.

Kidole changu kilikuwa karibu na swichi ya umeme. Naeleza hili kwa sababu nilisema sitaki kudanganya. Ningeizima laptopu, foleni ingefutika, na hapana binadamu ambaye angejua. Wala isingekuwa uongo. Ingekuwa kimya tu. Mama angeendelea kuamini alinuniwa, nami ningeendelea kuwa binti msomi aliyemtengenezea baba yake kengele, kama walivyokuwa wakinisifu barazani. Nilisimama hapo kwa muda ambao naona aibu kuusema. Hofu yangu haikuwa ya kumtonesha Mama. Hofu yangu ilikuwa ya uso wake akinitazama mimi.

Mwisho sikuizima. Nikaamuru mashine ikate ule mwito wa simu yangu. Nilitaka kuuona ujumbe wa Baba ukipokelewa, ukiandikwa kwenye orodha, basi, niwe nao. Ninapoandika programu huwaza mistari, siwazi sauti. Nikabonyeza.

Programu ikamwachilia yule mgeni asiyekuwapo, ikarudi mlangoni, ikampokea aliyefuata. Na kengele ikalia uani.

Ililia kwa nguvu, mara mbili, kama ilivyolia miezi minne, ndani ya nyumba isiyo na mtu ila mimi na Mama. Kwenye kioo ukajiandika mstari mpya. Kidude kilikuwa kinatuma pia saa ya kubonyezwa, kwa kuwa nilitaka kumwambia daktari Baba anaamka mara ngapi. Jumanne, saa nane na dakika kumi mchana.

"Ni nani huyo?" Mama aliuliza kutoka chumbani. "Nani amebonyeza?"

Nikaingia chumbani. Alikuwa amejiinua nusu kwenye mkeka, mkono mmoja ukingoni mwa kitanda kitupu, anakitazama kile kidude kilichoning'inia hakina stima. Nikakaa chini mbele yake. Nilitaka kutafuta njia ya kuanzia mbali, lakini mimi sina maneno ya kuzunguka.

"Ni Baba, Mama. Alibonyeza Jumanne. Ndiyo imefika sasa."

Nikamwambia yote. Nilimwambia habari ya honi ya gari na simu mkobani, na mgeni aliyeondoka bila kuaga, ambaye ni mimi, na jinsi mashine ilivyomwambia Baba karibu kwa niaba yangu na mimi siko. Nikamwambia habari ya taa, ambayo yeye alipoingia hakuiona kwa kumtazama Baba, kisha mwenye feni akaizima. Nikamwambia kwamba yule mama wa ofisini alinionya nikasema kesho, na kwamba yeye mwenyewe, akichagua mchele, alinionya kabla ya wote. Sikulia. Nilikuwa nasema upesi, kama mtoto anayesoma sura aliyokariri akiogopa kusimamishwa, na nilipomaliza nikangoja anifokee. Wallahi nilitaka anifokee. Maisha yangu yote mimi ndiye mfokaji, na siku hiyo ningelipa chochote nipate mtu wa kunifokea mimi.

"Saa ngapi, wasema?" akauliza.

"Saa nane na dakika kumi."

"Baada ya chakula."

"Baada, Mama. Saa nzima baada."

"Baada ya mimi kumwambia yale."

"Ndiyo."

Niliona midomo yake ikitembea, akiupanga ule mchana upya: saa saba sahani, saa saba na nusu shuka za kwanza, halafu swala, halafu saa nane na kumi. Alikuwa kwenye karai, hatua kumi, mikono kwenye povu.

"Kwa hivyo hakuninunia," akasema.

"Hakukununia. Alikuita."

Machozi yalimtoka bila sauti, hata yeye nadhani hakuyasikia. Nilishika mguu wake nikasema, "Nisamehe, Mama," lakini hakuwa ananitazama mimi wala hakuwa ananisikiliza. Alijikokota akainuka, akakaa ukingoni mwa kitanda, upande wa mkono wa kushoto, akageukia mto.

"Abee," akasema.

Aliitika kwa sauti ile ile ya kawaida, ya mwanamke aliyeko uani anayeitwa na mumewe na hajajua anaitiwa nini. Akangoja. Kisha akaitika tena.